Mhudumu wa kliniki ya mifugo naye afundishwe

Mhariri,

Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hutuandalia wataalamu wa tiba ya mifugo, lakini anayeendesha ofisi ya kliniki mara nyingi hujifunza kwa kuangalia tu. Hasara huanzia kwenye jokofu. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kipimo kisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, na chupa zisipangwe mlangoni wala kugusa ukuta wa nyuma, ambako huganda. Chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoganda isitumike, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Macho hayawezi kuligundua hilo. Daftari la joto ndilo linaloonyesha.

Mafunzo yaanzie hapo. Stoo ifuate tarehe: itoke kwanza dawa inayokaribia kwisha muda, hata kama imeingia jana. Kadi ya mnyama ibebe namba ya toleo la chanjo na siku ya marudio. Mfugaji aliyetibiwa ng'ombe kwa antibiotiki aandikiwe siku ambazo maziwa hayanyweki wala kuuzwa, maana maelezo ya mdomo husahaulika njiani. Na kwenye simu, ng'ombe aliyejaa gesi au aliyekwama kuzaa asiwekwe foleni.

Mdau wa mifugo,
Morogoro