Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu, ili kila mmoja aisome kwa nafasi yake na aje na hoja zake. Hesabu za fedha zimo kwenye taarifa ya mweka hazina mliyotumiwa pamoja na hii, na wakaguzi wameshazipitia, kwa hiyo sitazirudia. Nataka kuzungumzia jambo lililotushikamanisha kuliko jingine lolote mwaka huu, yaani mazungumzo yetu ya kila siku kwenye kundi la WhatsApp, ambako watu wasiowahi kupeana mkono wamekesha pamoja kwa ajili ya mbwa na paka wa wenzao.

Wengi wetu tunaishi na watu wanaotupenda lakini hawatuelewi katika hili. Mtu anamzika mbwa aliyekaa naye tangu watoto wakiwa wadogo, asubuhi anakwenda kazini, na akiulizwa mbona macho yamevimba anaambiwa, "Si mbwa tu? Utapata mwingine." Maneno hayo hayatoki kwenye roho mbaya. Kwetu mbwa amezoeleka kuwa mlinzi wa nyumba, anakula ukoko na dagaa na kulala nje, na paka kazi yake ni panya. Anayewalilia huonekana anadeka. Basi mtu anameza uchungu wake, anaufunika, na siku zinapita bila yeyote kumpa pole.

Mwezi Machi mwenzetu mmoja wa Tabata alifiwa na paka wake. Alituandikia saa saba usiku: "Naomba niseme hapa, nyumbani nitachekwa." Pole zilianza kuingia muda uleule. Lakini jibu ambalo sijalisahau lilitoka kwa mama mmoja wa Mombasa, ambaye alimuuliza tu: "Alikuwa anaitwa nani, mwanangu, na alipenda kulala wapi?" Akajibiwa kwamba aliitwa Kisura, na alilala juu ya friji, mkia ukining'inia mbele ya mlango, hata kila aliyetaka maji ya baridi ilibidi ausogeze mkia kwanza. Baada ya hapo ujumbe ulitiririka. Yule aliyefiwa alisimulia mpaka karibu na adhana ya alfajiri, na picha za Kisura akazituma moja baada ya nyingine. Siku ya pili aliniandikia pembeni kwamba ndiyo mara ya kwanza alipata usingizi.

Nimeitaja habari hii kwa kirefu kwa sababu kamati imejifunza kwayo. Anayefiwa na mnyama anataka kuulizwa juu ya huyo aliyeondoka. Hataki kuulizwa aligharimu kiasi gani, wala kwa nini hakupelekwa hospitali mapema, wala kuambiwa habari za yule mwingine anayekuja. Maswali mawili ya yule mama yanatosha, na kamati inaomba yawe desturi yetu.

Kwa wanaoona aibu kuomboleza mnyama, niwakumbushe habari za Magawa. Huyu alikuwa panya buku aliyezaliwa hapa Tanzania na kufunzwa na shirika la APOPO, lenye kituo chake Morogoro, kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akabaini mabomu 71, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu. Alipokufa Januari 2022, waliomtunza walitangaza msiba wake waziwazi, na vyombo vya habari vya nchi nyingi vikautangaza. Hakuna aliyewauliza kama si panya tu.

Nije kwenye Aprili, mwezi wa maji. Mvua kubwa zilianza kuwafika wenzetu wa Oman katikati ya mwezi. Muscat, barabara zikageuka mabonde ya mito, na ndugu yetu mmoja anayeishi chini kabisa ya jengo alipandisha paka zake watatu ghorofani kwa jirani ambaye hakuwahi hata kusalimiana naye. Mwishoni mwa mwezi Mto Mathare ukafurika Nairobi. Mwanachama mmoja alikuwa kazini upande wa pili wa mji, njia zimefungwa, na mbwa wake Jasiri alikuwa amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Aliandika neno moja tu kwenye kundi, "Mnyororo," na jina la mtaa. Mwanachama mwingine anayekaa mitaa ya jirani, ambaye hawajawahi kuonana, alitoka na panga mkononi akakata waya uliofungia geti, akamfungua mbwa maji yakiwa yameshafika tumboni mwa mnyama. Video aliyotutumia ina sekunde chache tu, na kinachosikika zaidi ni mtu kuhema.

Kisha kikaja Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari, vyombo vya baharini kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimama, na usiku wa kuamkia Mei 4 macho yetu yote yalikuwa kwa dada yetu wa Mafia. Umeme ulikatika, chaji ya simu ilikuwa inaisha, akawa anatuma ujumbe mmoja kila baada ya muda ili tujue yupo. Paka wake alikuwa amezaa wiki ileile, naye aliwabeba watoto mmoja mmoja kwa meno mpaka ndani ya kasha la nguo. Ujumbe wa mwisho kabla simu haijazima ulisema, "Wote wamo kashani, na mimi nimekaa karibu nao." Watu wa Arusha, Bujumbura na Minneapolis kule Marekani walikaa macho bila kuweza kumsaidia kwa lolote, na bado alituambia baadaye kwamba kujua tupo ndiko kulikompa nguvu ya kutulia.

Kutokana na mafuriko yale nina ombi ambalo nalisema kwa uzito wote nilio nao: mvua ikitabiriwa, mfungue mbwa kabla hujatoka nyumbani. Mbwa aliye huru huogelea, hupanda, hutafuta mahali pa juu. Aliyefungwa hana hata nafasi ya kujaribu.

Si kila faraja tuliyopeana ilikuwa na heri. Baada ya mvua ikaja parvo, na hapa lazima niseme wazi. Ugonjwa huu, uliotambuliwa duniani mwaka 1978, huwashika zaidi watoto wa mbwa ambao hawajakamilisha chanjo. Hukataa chakula, hutapika, huharisha damu yenye harufu kali, na maji ya mwili huisha haraka. Hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Mnyama huokolewa kwa dripu na uangalizi, na kila saa ina maana. Wenzetu kadhaa walipoteza watoto wa mbwa, na kwa upendo mkubwa wengine wakakimbilia kuwaahidi, "Usilie, mimi nina watatu, nakuletea mmoja Jumamosi." Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji unaweza kuisugua kwa maji ya jiki, lakini uwanja wa mchanga hausuguliki. Kuleta mtoto mpya asiye na chanjo kwenye ua ule ni kumwita kwenye msiba wa pili, na jambo hilo lilitokea. Mfiwa akalia mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo tunapomfariji mwenzetu, tumpe kwanza muda. Mtoto mpya aje akiwa ameshachanjwa kikamilifu. Chanjo za watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka watimize angalau wiki 16. Dozi moja haitoshi, hata kama aliyekuuzia mbwa anakuambia "kashapigwa sindano."

Liko pia suala la dawa. Mtu akiandika usiku kwamba paka wake ana homa, ndani ya dakika mbili atapata majibu ya kila aina, na baadhi ni ya hatari. Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hubadilika ukawa wa kahawia, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Anayetoa ushauri huo anataka kusaidia, nami siwezi kumlaumu moyo wake, lakini kamati imeamua kwamba majina ya dawa na vipimo vyake yataandikwa na madaktari wa mifugo waliomo kundini peke yao. Sisi wengine tutampa mwenzetu namba ya daktari aliye karibu, tutamsindikiza kwa maneno njiani, na asipokuwa na nauli ya bodaboda tutamchangia. Hayo tunayaweza na tumeyafanya vizuri sana.

Mfano bora niliouona mwaka huu unahusu kichaa cha mbwa. Kijana mmoja wetu aliokota mtoto wa mbwa barabarani, akamlisha, na siku chache baadaye akang'atwa mkono. Hakumwambia mtu nyumbani, kwa kuwa alijua mbwa atauawa saa hiyohiyo. Alituambia sisi. Na hapa kundi halikumbembeleza. Aliambiwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali akaanze chanjo usiku uleule, maana dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mmoja alibaki naye kwenye simu akiosha, akimhesabia dakika. Wengine waliendelea kumkumbusha mpaka akamaliza sindano zote, na mtoto wa mbwa akachukuliwa na ofisi ya mifugo ya wilaya. Kijana alitupigia kushukuru, akasema tulimkaripia kama dada zake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wengi wenu mliwapeleka mbwa wenu kuchanjwa na mkawachukua na wa majirani. Picha za siku ile, hasa ya mzee wa Kimara aliyeshika kamba tano kwa mkono mmoja, zilinifurahisha mno.

Naomba pia tuendelee kuheshimiana katika mambo ya imani. Waislamu wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafi, ambamo udende wa mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo wenzetu wanaofuga mbwa wa ulinzi kwa kuzingatia hayo yote, wanampa chakula, kivuli na tiba, na hawamkumbatii. Asionekane mtu kuwa anampenda mbwa wake pungufu kwa sababu hapigi naye picha kitandani. Mwaka huu kulitokea majibizano makali juu ya hilo, wahusika wamepatana, na kamati imelifunga jambo.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo mtakayoyapigia kura. La kwanza ni zamu za usiku. Wanachama wetu wa Marekani wako macho wakati Afrika Mashariki imelala. Saa saba ya usiku ya Dar es Salaam, Minneapolis bado ni jioni. Tayari wamekubali kushika zamu kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri, ili asiwepo mtu anayeandika akakuta kimya. La pili ni orodha ya madaktari wa mifugo kwa kila mji, ikieleza nani anapokea simu usiku, na itakayohakikiwa kila baada ya miezi mitatu. La tatu ni kutenga sehemu ya ada kwa ajili ya dripu na nauli za dharura. Mweka hazina ana makadirio, na najua baadhi yenu mnaona ada imeshakuwa kubwa. Njooni mseme.

Nawashukuru wasimamizi wa kundi, ambao wanafuta matangazo ya biashara mchana na kufuta machozi usiku bila malipo. Nawashukuru madaktari wetu, wakiwemo vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanaojibu ujumbe wa sauti wenye sauti za mbwa kubweka na watoto kulia kwa wakati mmoja. Na wale wanachama ambao hawajawahi kuandika neno lolote kwenye kundi, ninyi pia tunawajua mnasoma. Mkifiwa, andikeni. Hata jina la mnyama peke yake linatosha.

Mkutano mkuu utafanyika kwa njia ya simu, Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Atakayekosa bando amjulishe katibu mapema, atatumiwa.

Mwenyekiti