Barua kwa Salum: Idi na Bata Mzinga wa Aprili

Columbia, Missouri
Mwishoni mwa Februari

Ndugu yangu Salum,

Asalaam aleikum. Natumaini nyote huko Jefferson City hamjambo.

Nimefurahi sana kusikia kwamba Idi ameanza kukuandama akitaka kuwinda bata mzinga. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayeomba mwenyewe kuamshwa alfajiri asinyimwe. Nakuomba jambo moja tu kabla hujanunua chochote: safari hii ipimwe kwa mtoto. Bega lake, subira yake na baridi anayoweza kuihimili ndivyo viamue bunduki, mahali pa kukaa na saa ya kurudi nyumbani.

Chukueni wikendi ya vijana, ile ya watoto wa miaka 6 hadi 15. Huja kabla ya msimu mkuu, ambao huanza Jumatatu ya tatu ya Aprili na kwenda siku 21. Madume yanakuwa hayajasumbuliwa bado, na mna muda tele: nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi linapotua. Msimu mkuu ukishaanza, uwindaji kwenye ardhi ya umma unaishia saa saba mchana. Wikendi hiyo Idi anaruhusiwa ndege mmoja, dume au yeyote mwenye ndevu, yaani kishungi cha manyoya kama nywele, zinazoonekana kifuani. Wewe hupigi. Kwa kuwa yeye hana cheti cha mafunzo ya uwindaji, hakikisha chako kipo na usiondoke ubavuni pake. Kijitabu cha kanuni cha Idara ya Uhifadhi ya Missouri kisome upya kila mwaka, maana hubadilika.

Mahali, ningeanzia Cedar Creek, kile kipande cha Msitu wa Taifa wa Mark Twain kilicho kati yako na mimi. Kina malisho ya zamani, vijito na mialoni mikubwa, na ndege huyu anavihitaji vyote vitatu. Nendeni mwishoni mwa Machi mtafute majani yaliyochakurwa, nyayo na vinyesi. Kinyesi cha dume hujikunja mwishoni kama ndoana, cha jike hujisokota donge. Kaeni juu ya kilima kabla hakujapambazuka, uige mlio wa bundi, na dume aliye juu ya mti ataguruma bila kujijua. Usimwite kwa sauti ya jike siku hizo, utamfundisha kukuogopa. Tafuta sehemu tatu, moja haitoshi. Hii ni ardhi ya watu wote. Ukikuta gari limeshaegeshwa pale ulipokusudia, mwachie mwenzako, nenda ya pili.

Sasa bunduki, na hapa usifanye haraka. Bunduki ya mtu mzima, yenye mtutu mpana wa geji 12, itampiga teke Idi, na baada ya hapo atafumba macho kila akifyatua. Mtafutie bunduki ya marisau ya geji 20, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi, ya kitako kifupi. Mwambie akunje mkono, kitako kikae kwenye kiwiko. Kidole kisipofika vizuri kwenye kifyatulio, kitako ni kirefu. Afanyie mazoezi risasi nyepesi za namba 8 (namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo), chache kila siku, akiwa ameegemeza bunduki kwenye egemeo la miguu mitatu lilelile atakalolitumia msituni. Zile risasi kali za bata mzinga zipime wewe, bega lake lisizijue kabla ya siku yenyewe. Namba 5 au 6 za risasi ya kawaida zinafaa. Punje kubwa kuliko namba 4 haziruhusiwi. Chora duara la inchi 10 kwenye karatasi, piga kwa yadi 20, kisha 30, uhesabu. Pale ambapo punje 100 bado zinaingia ndani ya duara ndipo mpaka wake, na kwa mtoto nisingepita yadi 30 hata karatasi ikiruhusu zaidi. Kosa la kawaida ni kuinua shavu kutoka kwenye kitako ili amwone ndege vizuri. Marisau hupita juu ya kichwa. Kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu hupunguza sana tatizo hilo.

Bata mzinga huona rangi na huona karibu pande zote. Mtu mzima anaweza kutulia chini ya mti, mtoto hawezi, kwa hiyo bebeni kibanda cha kitambaa. Madirisha ya nyuma yafungeni, na vaeni nguo nyeusi mkiwa ndani. Kiwekeni kabla ya mapambazuko, yadi 100 hadi 150 kutoka kwenye miti wanayolala. Mkisogea zaidi mtawatimua. Sanamu ya jike moja isimame yadi 15 mbele, Idi apate kipimo cha umbali. Sanamu ya dume usiipeleke kwenye ardhi ya umma, mwindaji mwingine anaweza kuifyatulia. Kwa sababu hiyohiyo msivae nyekundu, nyeupe wala buluu, ambazo ni rangi za kichwa cha dume, wala msinyemelee mlio. Mkitembea, vaeni kofia ya rangi ya chungwa, na ndege mbebeni kwenye mfuko wa rangi hiyo.

Kuita kunaharibiwa na wingi wake. Kisanduku cha kusugua, kinachotoa mlio wa jike, kinatosha: milio minne mitano, kisha nyamaza robo saa. Dume akijibu na kuanza kuja, kiweke chini. Kwa maumbile yao jike ndiye humfuata dume, kwa hiyo ukiendelea kuita, atasimama yadi 60 akijitanua na kusubiri. Akishuka mtini pamoja na majike, kisha akanyamaza, usikate tamaa. Kapateni kifungua kinywa garini, mrudi saa tatu. Majike huenda kutaga, naye akibaki peke yake hujibu.

Akiwa amejitanua, shingo imekunjika, Idi asipige. Mlio mmoja mfupi utamfanya anyooshe kichwa. Hapo useme “sasa”, afungue usalama, alenge pale manyoya yanapokutana na ngozi ya shingo.

Umeuliza kuhusu kuchinja. Mfundishe Idi kusema Bismillah anapofyatua, na kisu kikali kiwe kiunoni mwako, kwani mkimkuta hai ni lazima umchinje. Mkanyage shingo kwanza, miiba ya miguuni mwake inachana. Usikitenge kichwa na mwili, wala usinyonyoe: kanuni inataka vyote vibaki mpaka ndege asajiliwe, kwa simu au intaneti, kabla ya saa nne usiku siku hiyohiyo.

Kupe wa Missouri ni wengi mno Aprili. Nguo zipulizieni permethrini, dawa ya kuua kupe, siku moja kabla, zikauke ndipo mvae, na suruali ziingie ndani ya soksi. Idi akisema amechoka, fungasheni muda huohuo, hata kama dume anaguruma ng'ambo ya kijito.

Kisanduku changu cha kuitia nitakupa. Aanze kukizoea sasa, nje ya nyumba, watu wa nyumbani wasije wakatulaumu. Karatasi za shabaha ukishazipiga, nitumie picha tuzihesabu pamoja kabla hujanunua risasi nyingine.

Nduguyo,
Athumani