Mjadala wa leo saa 2 usiku: shoga, hanithi, huntha

Habari za jioni wanakikundi. Swali: maneno haya ni matusi kwa watransijenda (watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa)? Tuanze na shoga, ndilo gumu. Wanawake wa Pwani huitana "shoga yangu" kwa mapenzi, na hapo hakuna tusi. Lakini shoga pia huitwa mwanamume anayependa wanaume. Akirushiwa mwanamke mtransijenda, neno linamwambia "wewe ni mwanamume", tena linachanganya jinsia yake na nani anampenda. Kwa hiyo kila mfano utaje msemaji, msemwa, na sauti iliyotumika.

Hanithi sioni la kutetea. Limebeba dharau ya mwanamume asiye na nguvu.

Huntha ni habari nyingine: ni aliyezaliwa na maumbile ya jinsia mbili. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu 1,524. Kumwita mtransijenda huntha ni kosa la maana kwanza, tusi baadaye (ikitegemea nia).

"Kamusi imesema" haifungi hoja: kamusi hutoa maana, haipimi maumivu. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Picha za mazungumzo ya watu nitazifuta, hata mkificha majina, maana namba na picha za wasifu huwa zinasahaulika.