Baraza ya bustanini inayokalika hata mwezi wa saba

Wateja wetu wengi wa Njombe, Mafinga na Makambako wana viti vizuri vya bustani ambavyo kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane havikaliwi na mtu. Lawama zote hupewa baridi. Tukifika kupima, mara nyingi tunakuta baraza imewekwa upande usiofikiwa na jua, kwenye njia ya upepo, juu ya ardhi inayoshika unyevu. Baridi ya hewani hakuna fundi anayeiondoa. Hayo mengine matatu yanarekebishika, na mawili yanaamuliwa kabla jembe halijagusa ardhi.

Kipupwe ndicho kipindi tunachopenda kujenga. Mvua zimekwisha, udongo mwekundu haugandi tena kwenye chepe, lori la moramu linafika bila kukwama. Zaidi ya hapo, unaona kwa macho yako jua linapofika na upepo unapopita katika miezi ile ile utakayoihitaji baraza.

Jua la kipupwe liko kaskazini

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikiwa Ulaya, ndiyo maana yanasema baraza itazame kusini. Kwetu ni kinyume. Mwezi wa sita na wa saba jua linapita kaskazini mwa utosi, kwa hiyo kivuli cha nyumba kinaangukia kusini. Ukuta wa mita 3 hapa Njombe unatupa kivuli cha mita 2 hivi wakati jua liko juu kabisa, yaani karibu saa 7 kasorobo mchana. Ukiweka viti nyuma ya ukuta huo upande wa kusini, utakaa kivulini siku nzima.

Saa za jioni ndizo zinazosahaulika zaidi. Watu wengi hutoka nje kuanzia saa 10, na wakati huo jua limekwisha kuelekea kaskazini-magharibi, nalo liko chini. Ukuta ule ule wa mita 3, ukiwa upande huo, unatupa kivuli cha mita 5. Mparachichi mmoja wa jirani unatosha kukunyima jua lote la jioni.

Kwa hiyo usikisie. Chagua siku moja yenye jua, kisha saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni zungukia uwanja na umwage mstari wa majivu au chokaa pale kivuli kinapoishia. Sehemu inayobaki na jua mara ya pili na ya tatu ndiyo ya baraza. Mara nyingi itakuwa kaskazini au kaskazini-magharibi mwa nyumba, mita 1 hadi 3 kutoka ukutani. Ukuta wenyewe unasaidia pia: matofali ya kuchoma yanapokea joto mchana kutwa na kulitoa polepole jioni. Usiogope joto la Desemba, kwani wakati huo jua limehamia kusini na ukuta huo huo utakupa kivuli chembamba adhuhuri.

Kama kiwanja kina mteremko, epuka kona ya chini kabisa, hasa ikiwa imezibwa na ukuta. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku inateremka kama maji na kutuama pale inapozuiwa. Wakulima wa Makete wanajua vizuri kwamba sakitu huunguza viazi vya bondeni huku vya mlimani vikipona.

Upepo uchujwe, usizibwe

Upepo wa kipupwe hutoka kusini-mashariki, ule ule ambao watu wa pwani wanauita kusi. Nyumba ikiwa kusini mwa baraza inakata sehemu kubwa ya upepo huo, na kinachobaki hupenya kutoka mashariki. Hapo ndipo panapohitaji kizuizi.

Kosa la kawaida ni kujenga ukuta mzima wa matofali. Upepo ukigonga ukuta mzima unaruka juu yake, kisha unaanguka upande wa pili ukizunguka, na aliyekaa nyuma ya ukuta anapigwa mgongoni na usoni kwa zamu. Kizuizi chenye matundu kinaupunguza upepo nguvu bila kuuvuruga. Uwazi wa asilimia 40 hadi 50 ndio unaofanya kazi vizuri.

Tunatumia nguzo nne za mkaratusi zilizowekwa dawa, kila moja mita 2.4, zikisimama sentimita 120 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Jumla inakuwa mita 3.6, ambayo ni urefu wa ubao wa futi 12, kwa hiyo hakuna kuunga mbao. Shimo la nguzo lina kina cha sentimita 60 na upana wa 30. Mbao za inchi 1 kwa 3 zinalala kwa mlalo, safu 14, kila safu ikiachiwa pengo la sentimita 5. Kilo moja ya misumari ya inchi 3 inatosha. Nguzo ikihitaji kufupishwa, upande uliokatwa uwe juu, kamwe usiingie ardhini; dawa haifiki moyo wa mti, na ukiuzika moyo huo kwenye unyevu nguzo itaoza kutoka ndani.

Mianzi pia inafaa, na Njombe haikosekani. Iwe imekomaa, ya miaka mitatu na kuendelea, iliyokatwa kiangazi. Mianzi michanga ina wanga mwingi, na wadudu wataigeuza unga kabla ya mwaka kwisha.

Ardhi: hapa ndipo fedha inapopotea

Meza ya duara ya sentimita 90 na viti vinne inahitaji mita 3 kwa 3, kwa sababu kila kiti kinataka karibu sentimita 90 nyuma ya meza ili mtu asimame bila kumsukuma mwenzake. Kwa ukubwa huo agiza:

- moramu, mita za ujazo 1.5
- mchanga wa kulalia na kujazia viungo, nusu mita ya ujazo
- vitofali vya sakafu vya sentimita 20 kwa 10, unene wa 6, vipande 475
- saruji, mifuko 3 ya kilo 50, pamoja na toroli 3 za mchanga na 6 za kokoto, kwa mkanda wa pembeni na nguzo

Kabla ya kuchimba, panga chini mstari mmoja wa vitofali 15 ukiacha milimita 2 au 3 kati yao, kisha pima. Utapata mita 3 na sentimita 3 au 4. Hicho ndicho kipimo cha ndani cha mkanda wa zege, na kwa kukifuata hutakata kitofali hata kimoja.

Chimba mraba wa mita 3.3 ili mkanda upate nafasi. Pima pembe kwa pembe: kamba zote mbili zisome mita 4 na sentimita 67, vinginevyo mraba umepinda. Kina ni sentimita 18. Udongo utakaotoka ni toroli 40 hivi, kwa hiyo jua mapema utaumwaga wapi. Mteremko wa sentimita 6 kutoka upande wa nyumba hadi upande wa mbali uanze kwenye chimbo lenyewe. Usije ukautafuta baadaye kwa kuongeza mchanga upande mmoja, maana penye mchanga mnene ndipo patakapotitia. Mpira wa maji unaoonyesha ndani unatosha kupimia.

Moramu imwagwe kwa awamu mbili, kila moja ibaki sentimita 5 baada ya kushindiliwa. Inyunyizie maji kwanza; moramu kavu inarukaruka tu, haishikani. Ukikanyaga kwa kisigino na alama isionekane, imetosha. Kwenye baraza zenye mawimbi tunazoitwa kurekebisha, karibu kila mara vitofali ni vizima na moramu ndiyo iliyoshindiliwa mara moja tu ikiwa nene.

Kisha mkanda wa zege, upana wa sentimita 10 na kina cha 15, ndoo moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto. Wengi wanauruka ili kuokoa saruji. Bila mkanda, vitofali vya pembeni vinasogea nje, viungo vinafunguka, mvua ya Novemba inachota mchanga, na baraza inabomoka kuanzia ukingoni kwenda katikati.

Baridi inachelewesha zege. Kwenye nyuzi 10 za Selsiasi inachukua karibu mara mbili ya muda wa nyuzi 20 kupata nguvu ile ile, na usiku wa mwezi wa saba hapa unashuka chini ya hapo. Mimina kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, funika jioni kwa majani makavu na turubai juu yake, na kila siku kwa wiki moja iloweshe, kwa sababu upepo wa kipupwe unakausha hata palipo na baridi. Usishindilie kando ya mkanda kabla ya siku 4. Mbao za kizuizi zisubiri siku 7, la sivyo upepo utazitikisa nguzo ndani ya zege changa.

Mchanga wa kulalia uwe sentimita 3 hadi 3.5. Laza mabomba mawili ya inchi moja juu ya moramu, mwaga mchanga, vuta ubao ulionyooka juu ya mabomba, kisha yaondoe na ujaze mifereji yake. Baada ya hapo asiukanyage mtu. Panga vitofali ukisimama juu ya vilivyokwisha kupangwa, gonga kwa nyundo ya mpira, fagia mchanga mkavu kwenye viungo. Saruji kwenye viungo hatuiweki, itapasuka.

Kukaa na moto

Benchi la zege linanyonya joto la mwili. Kama umejenga nguzo za matofali, juu yake weka mbao zenye pengo la sentimita 1, kimo cha sentimita 45 na upana wa 40 hadi 45.

Jiko la moto la duara, upana wa ndani sentimita 60, lijengwe kwa matofali ya kuchoma na udongo wa mfinyanzi, likae angalau mita 1 kutoka viti na mbali zaidi na mbao za kizuizi. Mawe ya mtoni yaache: maji yaliyo ndani yake yakichemka, jiwe hupasuka na kurusha vipande. Vipande vya nguzo zilizowekwa dawa visiingie motoni hata kidogo, moshi na majivu yake vina sumu. Pande mbili za baraza zibaki wazi moto ukiwaka, na jiko la mkaa lisihamishiwe sebuleni watu wanapoingia ndani. Hewa yake inaua bila harufu.

Ukitaka tuje kupima, tuandalie mambo matatu: mistari ya majivu ya saa 3, saa 7 na saa 10, upana wa geti, ili tujue kama lori linaingia au moramu itabebwa kwa toroli, na mahali mabomba ya maji na nyaya za umeme zinapopita chini ya ardhi.