Risala ya Wanafunzi wa Falsafa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Falsafa Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Mlezi wa chama na wahadhiri wetu,
Mkutubi Mkuu, ambaye tunafurahi sana kumwona mstari wa mbele,
Ndugu wanachama, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Wale wanachama wetu ambao bado hawajaridhika na hoja za kuwapo kwake wameikubali sentensi hii kwa ajili ya utaratibu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa namna ya pekee kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunatambua majukumu yako ni mengi na muda wako umebana, ndiyo maana hatukukata tamaa barua ya kwanza ilipokosa majibu, tukaandika ya pili. Leo ni Siku ya Falsafa Duniani, ambayo UNESCO imeitengea Alhamisi ya tatu ya Novemba kila mwaka. Hatukuona siku bora zaidi ya kuzungumza na kiongozi mwenye uamuzi mkononi.

Historia ya chama chetu ni fupi. Kilianza na wanafunzi wachache waliokuwa wakibishana baada ya vipindi mpaka mlinzi anakuja kuzima taa. Baadaye kikapata katiba, kikapata mlezi, kikapata mhuri. Yaliyobaki yamo katika katiba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Tumeendesha mijadala ya kila wiki katika matawi yote ya falsafa: mantiki, metafizikia, epistemolojia, maadili, falsafa ya siasa, falsafa ya akili na falsafa ya sayansi. Ujumi nao ulipata wiki yake, ingawa siku hiyo umeme ulikatika. Tumefanya kongamano la kimataifa, kwa maana kwamba mmoja wa washiriki alijiunga kwa video akiwa nchi nyingine na sauti yake ilisikika kwa sehemu kubwa. Tumeanzisha jarida la utafiti, ambalo kwa sasa linatolewa ukutani, jirani na ubao wa matangazo. Na swali la tramu ya Philippa Foot la mwaka 1967, kama ni halali kuielekeza tramu isiyozuilika kwenye reli nyingine ili afe mmoja wapone watano, tumelijadili mpaka wenzetu wa uhandisi wakaja kuuliza kwa nini breki hazitengenezwi.

Pamoja na mafanikio hayo, ipo changamoto. Tungeweza kutaja nyingi, kama viti, projekta na chumba chetu kinachogeuzwa stoo kila likizo. Hizo tumeamua kuziacha, kwa sababu uzoefu umetufundisha kwamba ukiomba mambo saba unajibiwa la saba. Tunaomba jambo moja: majarida ya kitaaluma ya falsafa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda mtu akadhani falsafa haina haja ya mambo mapya, kwamba ukishakuwa na Plato, Aristotle na Kant umemaliza. Hao tunao. Wamepita umri wa hakimiliki, wanapatikana bure kabisa na tunawasoma. Lakini utafiti wa falsafa leo ni baraza linaloendelea, na mazungumzo yake yanafanyika katika majarida. Mwaka 1963 Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa 3 tu katika jarida la Analysis, akaonyesha kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli, akawa na sababu nzuri za kuliamini, na bado tukasita kusema kwamba analijua. Kurasa hizo 3 tunazo. Nakala yake imepita mikono mingi hadi pembe zimelika. Ambacho hatuna ni majibu ya miaka 60 iliyofuata, na hakuna mtahini atakayempitisha mwanafunzi anayeandika juu ya maarifa kana kwamba baada ya Gettier watu walikwenda kulala.

Katika fani nyingine hali ni mbaya zaidi. Anayetaka kuandika juu ya maadili ya akili unde, yaani nani awajibike mashine inapoamua vibaya, au kama mfumo unaoongea nasi unaweza kuwa na utambuzi wowote, hawezi kutumia vitabu vya rafu yetu, kwa kuwa mjadala huo unabadilika kila toleo. Matokeo yake, Mheshimiwa, ukipitia orodha ya mada za tasnifu za idara utadhani falsafa ilifungwa zamani. Tumekuwa wataalamu wa marehemu. Hatuwadharau marehemu, wametulea. Ila walio hai nao wanaandika.

Tuombe ruhusa tueleze inavyokuwa. Mwanachama wetu mmoja, aliyepo humu ukumbini, anaandika juu ya dhuluma ya kimaarifa, dhana aliyoieneza Miranda Fricker katika kitabu chake cha mwaka 2007: kwamba mtu anaweza kudhulumiwa kwa neno lake kupewa uzito mdogo kuliko linavyostahili, kwa sababu tu ya chuki iliyopo dhidi ya watu wa aina yake. Amepata makala iliyojibu hoja ileile anayoitaka. Amebofya. Ikafunguka ikisiri, yaani muhtasari wa makala, mistari minane mizuri sana, na chini yake kisanduku kinachodai alipe kwa kadi ya benki ambayo hana. Akanukuu ikisiri. Msimamizi wake akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Makala yenyewe umeisoma?" Dada yetu huyu anasema ameshapata mfano wa sura ya tatu.

Tunajua, Mheshimiwa, jibu linalokuja: tumieni vya bure. Kwa heshima zote, tumevitumia. Ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford, iliyo mtandaoni tangu 1995, ndiyo mhadhiri wetu wa usiku. Philosophers' Imprint, jarida lisilomtoza msomaji, tumelisoma tangu toleo la kwanza la mwaka 2001. Rasimu ambazo waandishi huziweka wazi tunazisoma pia, na tunawaombea heri. Lakini rasimu haina namba za kurasa za jarida, wakati mwingine hoja yenyewe hubadilika baada ya mapitio, na mwongozo wa tasnifu wa hapahapa chuoni unataka toleo lililochapishwa. Yaani tunakatazwa kutumia tulichonacho na hatupewi tunachotakiwa kutumia. Wenzetu wa mantiki wanasema hali hiyo ina jina, lakini katibu ameona lisisomwe.

Wala hatusemi kwamba mfumo wenyewe wa majarida ni wa haki. Katika falsafa anayeandika makala kwa kawaida halipwi, na wanaoipitia kabla haijachapishwa hawalipwi. Anayelipa ni maktaba. Mwaka 2024 wahariri na bodi ya Philosophy & Public Affairs, jarida lililoanza 1971 na ambalo mwaka 1972 lilichapisha makala maarufu ya Peter Singer juu ya wajibu wetu kwa wenye njaa walio mbali, walijiuzulu kwa pamoja wakaenda kuanzisha jarida ambalo mwandishi halipi na msomaji halipi. Tuliwapigia makofi. Lakini makala za miaka hamsini iliyopita zimebaki kulekule kwenye jarida la kulipia, na tasnifu zetu zina tarehe ya kukabidhiwa. Marehemu mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin, aliyefariki 2024, alishaeleza kwamba mtafiti wa Afrika hulazimika kwenda ng'ambo kuifuata maktaba. Sisi hata nauli hatuombi. Tunaomba nywila.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mgeni Rasmi aliyekutangulia alisimama hapo ulipo, akasema amelipokea kwa mikono miwili na kwamba kabla ya muhula kwisha tutakuwa tunasoma majarida "mpaka mchoke". Tulipiga makofi na picha zipo. Muhula ukaisha. Tulipofuatilia tukaambiwa jambo liko kwenye mchakato. Tumeutafuta mchakato huo kwa nia njema, ofisi kwa ofisi. Kila tuliyemkuta alikuwa na taarifa kwamba uko ofisi ya jirani. Aliyemtangulia huyo naye tulimwomba majarida, tukaletewa fulana. Fulana tunazishukuru, ndizo hizi tulizovaa leo, na kama unavyoona zimeanza kupauka.

Hivyo basi, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba kwanza maktaba ilipie kifurushi cha majarida ya falsafa kwa kujiunga na ushirika wa maktaba za vyuo, ambako gharama hugawanywa. Orodha ya majarida tumeipanga kwa kipaumbele, ili fedha zikipungua ikatwe kutoka chini na isifutwe yote. Pili, nywila hizo zifanye kazi hata nje ya jengo la maktaba, kwa sababu jengo hufungwa jioni na wengi wetu ndiyo saa tunayoanza kuandika. Tatu, na hili ndilo tunalolisisitiza, tunaomba jibu lenye tarehe. Hata likiwa "haiwezekani", tutalipokea kwa heshima, kwa sharti kwamba liwe limeandikwa na limesainiwa, ili wanaoanza tasnifu mwaka kesho wajue mapema kama warudi kwa Kant.

Mkutubi Mkuu ametuthibitishia kwamba fomu ya maombi inahitaji sahihi moja tu kutoka ngazi yako. Tumeiambatanisha nyuma ya nakala ya risala uliyokabidhiwa, imeshajazwa kote isipokuwa mahali pako. Mhazini amesimama kulia kwako na kalamu mbili, moja ikiwa ya akiba.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.