Wazee hawamo kwenye grupu la ukoo, nani anawaambia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wenzangu, hasa wale ambao ukoo wao una grupu la WhatsApp. Na siku hizi ni ukoo gani hauna?

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alifariki Dar es Salaam mwaka huu, usiku, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Taarifa iliwekwa kwenye grupu la ukoo pale pale. Kabla ya saa sita usiku karibu wote waliomo walikuwa wameshajua: wa Dar, wa Arusha, wa Tanga, hata binamu yangu anayefanya kazi Muscat alikuwa ameshaandika innalillahi wa inna ilaihi rajiun na kuahidi mchango wake. Mazishi yakapangwa humo humo, kesho yake baada ya swala ya alasiri. Mhazini akapatikana, orodha ya michango ikaanza kuzunguka, kila aliyetuma anainakili, anaongeza jina lake chini, kiasi chake na tiki ya kijani.

Mama yangu yuko Lushoto, kijiji cha juu ya Soni. Ana simu ya kitochi. Hakuna aliyempigia.

Asubuhi yake mama alikwenda kwa wakala akamtumia mdogo wake shilingi elfu tano za matunda, kama alivyozoea kila akiuza kabeji. Ujumbe ukarudi kwamba muamala umethibitishwa, na jina kamili la mjomba limeandikwa hapo. Kijana wa wakala alimsomea. Mama akapiga simu amwambie mgonjwa kuwa ameshatuma. Ikapokelewa na mtu asiyemjua sauti, na nyuma ya sauti hiyo akasikia watu wanasoma Yasini. Akajulia hapo, amesimama mbele ya kibanda cha wakala. Ilikuwa saa nne.

Kwa asiyejua safari za kwetu, mabasi ya Lushoto kwenda Dar huondoka alfajiri. Saa nne yameshakwenda. Hata angeteremka Mombo akadandia basi linalotoka Arusha, angefika Dar jioni na mjomba ameshazikwa. Angepigiwa usiku ule ule, angedamka akapanda basi la kwanza, akafika nyumbani kwa marehemu kabla maiti haijatolewa, akamwangalia uso. Huyu ndiye dada aliyembeba mgongoni wakati bibi yuko shambani. Mimi usiku huo nilikuwa zamu, wodi ya wazazi, na zamu yetu simu zinakaa kabatini. Nilipotoka asubuhi nikazikuta zile jumbe zote, nikampigia mama, simu yake ikawa inatumika. Alikuwa anaongea na nyumba ya msiba.

Baada ya mazishi niliwauliza ndugu zangu, mmoja mmoja na kwa upole, kwa sababu nao walikuwa na majonzi. Majibu yalifanana: nilidhani fulani ameshamwambia. Mwingine akasema aliona tiki za bluu nyingi, akaridhika kwamba habari imefika kote. Hawa si watu wenye roho mbaya, Ndugu Mhariri. Ndio hao hao wanaomtumia mama fedha za mbolea, wanaochanga akilazwa, na ambao hawajawahi kumwacha Idi ipite bila kitu.

Na hapo ndipo ninapotaka tuangalie vizuri. Fedha zinamfikia mama bila taabu. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008 amezoea, *150*00# anaibonyeza bila kuangalia, hiyo simu ndogo inatosha. Maneno ndiyo hayamfikii. Posa ya mjukuu wake ilijadiliwa kwenye grupu, mshenga akateuliwa, mahari yakatajwa, mama akaletewa tarehe. Miti ya miwati kwenye shamba la babu ilitafutiwa mnunuzi kwenye grupu, picha za magogo zikarushwa, bei ikabishaniwa usiku kucha na watu ambao wengine hawajalikanyaga shamba hilo tangu wakiwa watoto. Mama, ambaye mipaka yake anaijua mche kwa mche, aliwaona vijana wenye misumeno asubuhi. Kwa desturi yetu yeye ndiye mkubwa aliyebaki, na kikao kisingeanza kabla hajasema. Sasa kikao kinaanza na kwisha mahali ambapo hana mlango wa kuingilia, kisha anatumiwa mgawo wake kwa simu, na tunahesabu kuwa tumemheshimu.

Tusiseme hapatikani. Mwaka 2020, laini zilipoanza kuzimwa kwa wasiosajiliwa kwa alama za vidole, mama alipanga foleni Lushoto mjini na kitambulisho chake mkononi. Vidole vyake vimelika kwa jembe, mashine ikawa inavikataa. Akaambiwa apake mafuta, afute, ajaribu kidole kingine, arudi kesho. Alirudi mpaka kikakubali kimoja. Alifanya hayo yote kwa sababu moja tu, watoto wake wasimkose wakimpigia.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mfiwa alikwenda na karatasi yake, na tangazo lilisomwa na majina: habari ziwafikie fulani wa Lushoto, fulani wa Korogwe, fulani wa Same, popote pale walipo. Nyumba nzima ilinyamaza, na hata kama redio ilikuwa kwa jirani, jirani alikuja mbio. Najua lilikuwa jambo la gharama na habari nyingine zilichelewa. Lakini kabla ya tangazo kusomwa ilibidi watu wa msiba wakae na kalamu, wajiulize: nani lazima ajue? Dada zake wako wapi? Yule shangazi wa Mlalo ameandikwa? Swali hilo ndilo lililopotea. Grupu halikuulizi kitu. Unaandika mara moja, linapeleka kwa waliomo, na asiyekuwemo hakuna anayegundua kuwa hayumo, kwa sababu kutokuwepo kwake hakuonekani popote kwenye kioo.

Vijana wananijibu kwa haraka: mnunulieni bibi simu janja. Tumelizungumza hilo nyumbani. Mama ana mtoto wa jicho, jicho moja limefanyiwa upasuaji na la pili bado, herufi za kioo hazioni hata zikikuzwa. Kitochi chake kinakaa na chaji siku kadhaa. Simu janja inataka umeme kila siku na bando kila wiki, na kwake umeme wenyewe huja na kuondoka. Lakini hata kama macho yangekuwa mazima, sioni kwa nini mtu wa umri ule ajifunze kupekua jumbe mia za maua na dua za Ijumaa ili apate ile moja inayosema mdogo wake amekufa. Habari ya namna hiyo mzee huambiwa kwa mdomo. Anaambiwa akiwa amekaa, na ikiwezekana yuko mtu karibu yake. Kwenye kazi yangu hatumpi mama mzazi taarifa mbaya kwa karatasi, tunamvutia kiti.

Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ikaanguka nchi nzima, WhatsApp haifunguki. Siku zile mama alipigiwa simu na wajukuu ambao sauti zao hakuwa amezisikia tangu Idi. Aliniuliza kama kuna jambo limetokea, maana si kawaida. Nikamwambia hakuna jambo, wamekumbuka tu. Intaneti iliporudi simu zile zikakoma.

Sisemi magrupu yavunjwe. Kwa ndugu waliotawanyika kuanzia Tanga mpaka Muscat yametusaidia, na mchango wa mazishi ya mjomba usingekamilika usiku mmoja bila hilo grupu. Ninachokataa ni kuhesabu kuwa ukoo ni wale waliomo. Grupu letu lina watoto wa kidato cha pili na wakwe ambao hawajafika Lushoto hata mara moja, lakini halina mtu hata mmoja aliyezaliwa kabla ya Uhuru, wakati tunao watatu, hai, wenye akili timamu.

Kwenye arobaini ya mjomba tulikaa uwanjani kwa mama, ana kwa ana, tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, msiba hauandikwi kwenye grupu mpaka wazee wale watatu wawe wamepigiwa, na anayeweka taarifa aandike ni nani amempigia nani na saa ngapi. Binamu yangu wa Korogwe amekabidhiwa kazi hiyo, na msaidizi wake yupo kwa siku asizopatikana. La pili, posa, shamba na mirathi havijadiliwi kwa maandishi. Vinasubiri kikao, na asiyeweza kufika anapigiwa, simu inawekwa sauti ya juu katikati ya mkeka, naye asikie na asikike. Kijana mmoja alilalamika kwamba mambo yatachelewa. Mama akamwambia yeye amechelewa kwenye mazishi ya mdogo wake kwa sababu ya haraka yao, na hakuna aliyeongeza neno.

Nawaomba wasomaji wenye magrupu ya ukoo wafungue leo orodha ya wanachama, wachukue kalamu, waandike pembeni majina ya wasiokuwemo, na kila jina lipewe mtu wa kulipigia. Naomba pia masheikh na wachungaji, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuitwa nyumba ikiingia msiba, waulize kabla ya kupanga saa ya maziko: wakubwa wa marehemu wameambiwa, na wanaotoka mbali wanaweza kufika saa hiyo?

Wako,
Muuguzi,
Tanga