Stesheni yetu haikujengwa na Mjerumani

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mwandishi wako aliyekuja huku Kwimba kupiga picha stesheni yetu iliyofungwa amelihesabu lile jengo kuwa la Mjerumani. Si kweli. Reli ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, vita vikamkuta hapo. Tawi la Tabora kuja Mwanza lilijengwa wakati wa Mwingereza, garimoshi likafika ziwani mwaka 1928 kufuata pamba ya Usukuma.

Marehemu baba alikuwa mtu wa gangi, kile kikosi cha kutengeneza njia ya reli. Alianza enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, akahamia Shirika la Reli na nyundo yake ileile. Alipofariki nilichukua barua yake ya ajira nikaenda ofisi moja mjini kufuatilia haki zake. Kijana aliyekuwa mezani akapekua, akanirudishia karatasi: stesheni hiyo haimo kwenye orodha. Nikamwambia mimi nimezaliwa palepale, kwenye nyumba za gangi. Kengele ya kipande cha reli ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Mama yangu aliuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye madirisha ya daraja la tatu usiku wa manane, kibatari mkononi. Akasema nilete uthibitisho. Uthibitisho gani, wakati mzee alipinda mgongo akikaza boliti juani? Haki zake hazijalipwa mpaka leo, na sasa gazeti lako linampa Mjerumani jasho lake!

Na hawa wanunuzi wa chuma chakavu, nani anawauliza? Kengele imeng'olewa. Bawaba za milango zimekwenda. Mizani ya mizigo ilipakiwa kwenye mkokoteni mchana kweupe, na kiongozi wetu mmoja akanijibu kwamba ni mali ya serikali, yeye haimhusu.

Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka inajengwa, nasi tunaisubiri kwa hamu. Ila pale stesheni ya zamani kirudishwe kibao ukutani, herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe: jina la stesheni, mwaka 1928 reli ilipofika Mwanza, na chini yake majina ya watu wa gangi. Ninayo kumi na saba kwenye daftari. Mwandishi wako arudi na kalamu, nitamsomea moja moja.

Mtoto wa gangi,
Kwimba, Mwanza